Gari la rimoti la naitro: nikichomoa kiwashio tu, injini inazima. Wajuzi wa kuzoesha injini mpya njooni

#1 MwanaUnga

Heshima kwenu wakuu. Kaka yangu yuko Dubai, kaniletea gari la rimoti la injini, siyo la betri. Saizi ya 1/10, injini .18 (inchi za ujazo), inawashwa kwa kamba. Mafuta yake hayaruhusiwi kwenye ndege, nikahangaika mpaka nikapata kopo kwa mzee mmoja wa Dar aliyekuwa anarusha ndege ndogo za rimoti. Lebo inasema ni methanoli na oili, naitro (naitromethani) asilimia 10.

Kiwashio kikiwa juu ya plagi, injini inawaka na kutulia. Nikikichomoa, haichukui muda inazima. Mara nyingine inapandisha resi yenyewe wala sijagusa rimoti, halafu kimya. Na kuna wakati kamba inagoma kuvutika kabisa. Kitabu kinasema matenki ya mwanzo ni ya kuzoesha injini, sindano (skrubu ya kabureta inayopima mafuta) iachwe wazi mafuta yawe mengi. Niko Arusha. Hapa mbovu ni plagi, mafuta, au mimi?

#2 Kigoda

Nimekaa. Uzi wa namna hii hautokei kila siku humu, tumezoea "Vitz inakula mafuta".

#3 FundiNusu

Mnapenda kujitesa. Hiyo si tustroki? Chukua petroli, changanya na oili ya tustroki kama ya msumeno wa kupasulia mbao, maisha yaende. Nimelala na kuamka na pikipiki, injini ni injini.

#4 BiKabureta

Kaka FundiNusu, usimponze mwenzio. Injini hiyo haina koili wala magneto, haitoi cheche. Ndani ya plagi kuna waya mwembamba wa platinamu. Kiwashio cha volti 1.2 hadi 1.5 kinaupasha waya mwanzoni tu. Baada ya hapo mvuke wa methanoli ukigusa platinamu kunatokea mmenyuko unaoufanya uendelee kuwa mwekundu wenyewe, mzunguko hadi mzunguko. Petroli haina tabia hiyo. Tena hosi za silikoni za magari haya zikinywa petroli zinavimba na kulegea.

MwanaUnga, ukichomoa kiwashio ikazima, maana yake waya haupati joto la kujitegemea. Ama plagi imechoka, ama mafuta yanayoingia ni mengi mno yanaupoza, ama injini yenyewe bado baridi. Anza na kilicho rahisi: fungua plagi, ibane kwenye kiwashio ukiwa kivulini, uitazame. Waya wote uwake rangi ya machungwa. Ukiwaka nusu, tupa. Na usiishike kwa vidole, utakuja kutusimulia.

#5 Mwas_wa_Ngong

Sasa wadau. Mmeruka kitu kikubwa. Huyu yuko Arusha, hapo ni kama mita 1,400 juu ya bahari. Hewa imepungua karibu asilimia 15 ukilinganisha na Dubai ama Dar. Sindano ikibaki pale ilikuwa huko chini, mafuta ni yale yale lakini hewa ni kidogo, inakuwa imezama kwa mafuta. Hapa Nairobi tuko juu zaidi na hii kitu tunaiona kila saa. Gari ikitoka Mombasa ikiwa sawa, ikifika huku inatapika moshi na kuzima.

Dawa: funga sindano ya mwendo (ya resi kubwa) kidogo kidogo, kulia ndiyo kufunga. Usizungushe kama bomba la maji. Chukulia uso wa saa ya ukutani, sogeza kutoka saa 12 mpaka saa 1, washa, sikiliza.

#6 Kigamboni_Mchangani

#5 umesema kweli kuhusu mwinuko, ila mnajadili sindano kabla ya kujua kuna nini kwenye kopo. Methanoli inavuta maji kutoka hewani. Kopo lililofunguliwa Dar, kwa unyevu wa hapa, likakaa stoo na kifuniko cha kulegea, hayo si mafuta tena. Na usitarajie kuyaona maji yamejitenga chini kama kwenye dizeli, yanachanganyika na methanoli moja kwa moja. Dalili zake ndizo hizo: inawaka kwa kubembelezwa, plagi zinakufa haraka, na kila ukirekebisha asubuhi jioni imehama.

Tafuta mafuta mapya ndiyo uje kuuliza.

#7 MwanaUnga

Shukrani wote. Majibu: kopo lilikuwa limefunguliwa, limebaki nusu. Plagi inawaka yote vizuri kwenye kiwashio. Sindano sijazigusa. Mafuta mapya huku siyo ya kuingia dukani na kutoka nayo, #6 usinichekeshe.

Kamba bado inagoma mara kwa mara. Nivute kwa nguvu?

#8 BiKabureta

USIVUTE KWA NGUVU. Kamba ikigoma kuna mambo mawili, na watu huyachanganya.

La kwanza, injini imejaa mafuta juu ya pistoni. Majimaji hayagandamiziki, ukilazimisha unapinda konrodi (mkono wa pistoni). Fungua plagi, funika tundu kwa kitambaa, geuza gari miguu juu, vuta kamba taratibu mpaka pakauke. Uso weka mbali, yanaruka.

La pili ni maumbile yake. Injini hizi nyingi wanaziita ABC: pistoni ya alumini, slivu (ganda la ndani la silinda) ya brasi iliyopakwa kromu, hakuna ringi. Tundu la slivu limetengenezwa jembamba kidogo juu kuliko chini, kwa hiyo ikiwa baridi na mpya pistoni inabanwa ikifika kileleni. Huo ubano ndio kompresheni yako. Ikipata moto slivu inatanuka na ubano unakaa sawa. Kwa hiyo ukimaliza kuendesha, zungusha gurudumu la injini mpaka pistoni ikae chini ndipo uiache ipoe. Ukiiacha juu, slivu inajikunja ikiwa imeikumbatia, kesho unavuta kamba mpaka inakatika.

#9 Abu_Seeb

Assalaam alaykum. Niko Muscat, kwetu Unguja. Huku vijana wengi wana magari haya, wakati wa joto hutolewa baada ya Maghrib maana mchana hata wewe mwenyewe huwezi kusimama.

Ndugu zangu nyote mmelipita neno moja alilosema mwenye uzi: resi inapanda yenyewe. Injini iliyozidiwa mafuta haipandi resi yenyewe, inashuka na kugugumia. Inayopanda na kuning'inia juu inavuta hewa ya wizi. Tazama shingo ya kabureta inapokaa juu ya injini, kuna oringi pale. Tazama kifuniko cha nyuma, nyuma ya kamba. Ziba ekzosi na mdomo wa kabureta, puliza kupitia hosi ya mafuta, paka maji ya sabuni kwenye maungio. Povu likitoka, umempata. Paka silikoni ya gasketi inayohimili joto, ile ya kwenye tyubu inayouzwa kila duka la spea.

Sindano usiiguse kabla ya hapo. Ukifunga sindano huku hewa ya ziada inaingia, unaunguza pistoni.

#10 Mwas_wa_Ngong

@Abu_Seeb heshima mzee, lakini hewa ikivuja injini ingezima hata kiwashio kikiwa juu. Yake inazima tu kikitoka. Hiyo ni plagi kupoa kwa mafuta mengi.

#11 Abu_Seeb

Si lazima, bin ami. Hewa ya wizi haina saa maalumu. Leo inazima, kesho inakimbia.

#12 Sakina_Juu

Nyote mko mbali. Nipo Arusha hapa hapa. Mnajua baridi ya Julai huku? Asubuhi unavaa koti mbili. Injini hiyo haipati moto, basi.

Na hapa ndipo kitabu cha MwanaUnga kinapomdanganya. Mtindo wa zamani wa kuzoesha injini ni kuiacha sailensi (ikiunguruma bila kukanyaga resi) tenki baada ya tenki, mafuta yanamwagika mpaka kwenye ekzosi. Kwa injini ya ringi sawa. Kwa ABC unaitesa. Ikiwa nyuzi 60 slivu haijatanuka, kila mzunguko pistoni inagonga ule ubano wa juu alioueleza BiKabureta, na anayebeba kipigo ni konrodi. Izoeshe injini ikiwa ya moto: kichwa kifike nyuzi 90 hadi 100, uendeshe mwendo mfupi mfupi ukipandisha na kuachia, dakika kadhaa, zima, pistoni chini, ipoe kabisa, rudia. Kama hali ya hewa ni baridi, zungushia kichwa karatasi ya alumini ya jikoni upunguze upepo. Kabla ya kuwasha, pasha kichwa kwa kikaushia nywele.

#13 Kigoda

Kikaushia nywele! Shemeji akikukuta unalipulizia gari la mtoto upepo wa saluni asubuhi saa 1, ndoa inaingia kamati kuu.

#14 FundiNusu

Joto utalipima na nini? Mimi nina ile bunduki ya paji la uso ya enzi za korona.

#15 Sakina_Juu

Hiyo ikiwa kwenye hali ya mwili inaishia nyuzi 43 hivi, itakuandikia tu kwamba mgonjwa ana homa kali. Tumia cha kiwandani. Ukikosa, dondosha tone la maji juu ya kichwa. Likikaa likichemka taratibu muda mrefu, bado baridi. Likimalizika ndani ya sekunde 3 hadi 5, uko pazuri. Likiruka na kutoweka hapo hapo, fungua sindano upoze.

#16 BiKabureta

@Sakina_Juu nakubali nusu. Joto ndiyo. Lakini wapo waliozoesha kwa sailensi na injini zao zikadumu, na wapo waliopasha kichwa kwa bunduki ya joto na konrodi ikatoka ubavuni. Kinachoua zaidi ni mtu kufunga sindano mapema kwa kupenda kelele. Lazima moshi mwepesi wa buluu uonekane muda wote, hata ukikanyaga yote. Moshi ukipotea, oili imepotea. Kwenye hizi oili inakuja ndani ya mafuta, hakuna sampo (bakuli la oili chini ya injini).

#17 MzeeWaNyonyo

Vijana, nimesoma kimya, sasa niwasumbue. Nilikuwa narusha ndege za kamba (zinazozunguka zikiwa zimeshikwa kwa kamba) na za rimoti kabla wengi wenu hamjazaliwa. Hakuna aliyeuliza maswali kuhusu lile neno "mafuta ya ndege ndogo".

Mafuta ya ndege na ya gari si kitu kimoja. Ya ndege kwa kawaida huwa na oili nyingi, asilimia 18 hadi 20, na naitro kidogo. Ya gari hukuta naitro 20, 25, hata 30, oili imepungua. Sasa hesabu. Petroli kilo moja inataka hewa kilo 14.7. Methanoli inataka 6.4 hivi. Naitromethani 1.7 tu, kwa sababu imebeba oksijeni yake yenyewe. Ndiyo maana mafuta yenye naitro nyingi yanataka sindano iwe wazi zaidi. Kijana kapewa gari lililowekwa kwa naitro nyingi, kamimina ya asilimia 10. Papo hapo mchanganyiko umekuwa mzito (mafuta mengi kuliko hewa) hata angekuwa Bagamoyo. Ongeza mwinuko wa Mwas, umekuwa mzito maradufu. Naitro kidogo pia huifanya sailensi iwe ngumu kukaa, kwa kuwa yenyewe inasaidia plagi kubaki na moto.

Kwa hiyo: plagi ya moto zaidi, na chini ya kichwa cha injini kuna shimu nyembamba za shaba, toa moja, kompresheni ipande. Sindano funga. Maji kwenye kopo ni hadithi za kutishana, maji machache hayazuii sailensi.

#18 Kigamboni_Mchangani

Mzee kwa heshima zote, shimu? Injini mpya hata tenki la kuzoeshea halijaisha unamwambia afungue kichwa? Akizikaza skrubu bila kufuata msalaba kichwa kinapinda, tunarudi kwa Abu_Seeb na povu la sabuni. Na maji siyo hadithi. Beringi za nyuma zinaota kutu kwa maji hayo.

#19 MzeeWaNyonyo

Beringi zinaota kutu kwa sababu mnazima gari likiwa na mafuta ndani na kulitupa chini ya kitanda. Ukimaliza, ziba hosi injini imalize iliyobaki, dondosha oili nyepesi kwenye tundu la plagi na kwenye kabureta, zungusha. Kopo linasingiziwa.

#20 Mtanga_Hamburg

Mzee #17 kanikumbusha. Huku Ulaya mwananchi wa kawaida haruhusiwi tena kununua mafuta yenye naitromethani zaidi ya asilimia 16 kwa uzito, sheria ilianza kutumika Februari 2021, kwa sababu inaingia kwenye orodha ya kemikali za kutengenezea milipuko. Zamani kikomo kilikuwa 30. Watu walilia sana, halafu wakajifunza kurekebisha sindano na plagi, magari yanakimbia. MwanaUnga, 10 yako siyo kilema.

#21 FundiNusu

Mzee, jina lako linaniita. Nyonyo inaingiaje kwenye injini?

#22 MzeeWaNyonyo

Ndiyo oili yenyewe, mwanangu. Mafuta ya nyonyo, wengine wanaita ya mbarika. Yanavumilia joto kuliko oili nyingi, hata mchanganyiko ukipungua bado yanalinda pistoni. Ndege za mashindano ya kasi za kamba zinapewa methanoli asilimia 80 na nyonyo 20, naitro sifuri, na zinapita kilomita 290 kwa saa. Ila inayouzwa kwa ajili ya nywele usiiguse. Mara nyingi imechanganywa na mafuta mengine na manukato. Inayofaa ni safi, iliyotolewa ulimbo. Hasara yake inaacha utandu wa kahawia ndani, ndiyo maana siku hizi wanaichanganya na oili za viwandani.

#23 NesiMstaafu

Naingia kwa jambo moja kabla hajatokea mtu wa kuchanganya jikoni. Methanoli siyo spiriti ya kusafishia kidonda. Inapita kwenye ngozi, inapita kwa kuvuta mvuke, na ikimezwa hata kidogo inaharibu mshipa wa fahamu wa jicho, mtu anapofuka au anakufa. Mei 2014 Kenya pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu. Vaeni glovu, washeni nje, na kopo lisihamishiwe kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa. Kitu kingine: moto wake juani hauonekani. Gari linaweza kuwa linaungua na wewe umeliinamia.

#24 Kigoda

Nesi umetufukuzia usingizi. Ahsante lakini.

#25 Chaji_Tu

Kwa hiyo baada ya nesi, mbarika, kikaushia nywele na karatasi ya alumini, bado mnasema gari la betri halina raha? Mimi nachomeka, naendesha, narudi kula.

#26 Sakina_Juu

Nenda kaanzishe uzi wako.

#27 MwanaUnga

Wakuu mrejesho. Wikiendi nimekaa nayo. Nimepaka silikoni shingo ya kabureta (povu lilitoka kidogo, Abu_Seeb), nimeweka plagi ya moto zaidi niliyotumiwa na basi kutoka Dar, nimefunga sindano ya mwendo kidogo, na nimezungushia alumini. Mafuta ni yale yale ya kopo.

Matokeo: kiwashio kinatoka na injini inabaki hai. Nimeendesha uwanja wa shule ya jirani, watoto wamejaa. Tenki likiwa limejaa inakwenda vizuri na moshi upo. Likifika chini ya nusu inaanza kulia sauti kali, moshi unapungua, halafu inazima.

#28 Mwas_wa_Ngong

Nilisema. Sindano.

#29 Abu_Seeb

Povu lilitoka au halikutoka?

#30 MzeeWaNyonyo

Plagi ya moto. Someni #17.

#31 BiKabureta

Mmebadilisha vinne kwa mpigo, kila mtu atajichukulia ushindi wake.

MwanaUnga, hilo la nusu tenki ni jambo jipya. Kuna hosi ndogo kutoka bomba la ekzosi kwenda juu ya tenki. Ekzosi inasukuma presha kwenye tenki ili mafuta yafike kabureta sawasawa hata yakipungua. Kifuniko cha tenki kikiwa hakibani, au hosi ina ufa, tenki likijaa mafuta yanafika, likishuka mchanganyiko unakuwa mwepesi. Sauti kali na moshi kupungua ndiyo picha yake. Chomoa hosi zote mbili, ziba moja, puliza nyingine, zamisha tenki kwenye ndoo ya maji. Mpaka uijue, simama tenki likifika nusu, ujaze. Na ufungue sindano ya mwendo saa moja, nyepesi ndiyo inaua.

#32 Mwas_wa_Ngong

Dada, akifungua tena si tunarudi pale pale inazama mafuta?

#33 BiKabureta

Iliyozama kwenye sailensi ni sindano ya chini, ile ndogo iliyo kwenye mkono wa kabureta. Hakuna aliyeitaja tangu #1. Ikiwa sailensi na ya moto, bana hosi ya mafuta kwa vidole karibu na kabureta. Ikizima hapo hapo, ya chini ni nyepesi. Ikiendelea muda mrefu huku resi ikipanda sana, ya chini ni nzito. Inayofaa inakaa sekunde 3 au 4, inapanda kidogo, inazima.

#34 Kigamboni_Mchangani

Au mafuta ya chini ya kopo ndiyo yenye maji.

#35 MzeeWaNyonyo

Maji yanachanganyika moja kwa moja, ulisema mwenyewe #6. Sasa yamepata chini na juu?

#36 Kigoda

Hahaha, mzee kampiga na rungu lake mwenyewe.

#37 MwanaUnga

Nimezamisha tenki. Kifuniko kinatoa mapovu mapovu, springi yake ni dhaifu. Nimekata oringi ya bomba la sinki nikaongezea, kwa sasa haitoi. Kubana hosi: ilikaa sekunde nyingi na resi ikapanda sana. Kesho nazungusha ya chini kidogo. Mwas, kwa mwinuko huu ya chini nayo inafungwa kwa kiasi kile kile cha ya mwendo au pungufu?

#38 Mwas_wa_Ngong

Pungufu. Nusu ya hiyo, halafu irudishe sailensi kwa skrubu yake maana itapanda.

#39 Sakina_Juu

Hapana, pasha injini kwanza ndipo ubane hosi. Ulibana ikiwa nyuzi ngapi?